Taa Mbili Chini ya Spidomita

Harufu ilimpokea Inspekta Munyiva kabla ya mwenye boma. Kibuyu kizima cha maziwa kilikuwa kimepasukia ndani ya gari siku ya ajali, zulia likayanywa, na kwa siku tisa jua la Kitengela lilikuwa likiyapika huku vioo vimefungwa. Alipovuta mlango wa dereva, nzi walitoka kwa fujo wakampiga usoni. Aligeuka kando, akatema mate, akajifunga leso puani.

"Mungu wangu," alisema Konstebo Kivuva, aliyebakiza miaka miwili astaafu na aliyedhani ameshanusa kila kitu. "Madam, hapa hata fisi angeomba radhi akapita mbali."

"Fungua milango yote. Na boneti."

Lilikuwa saluni nyeupe ya Kijapani, limeegeshwa nyuma ya nyumba ya mawe, kando ya tangi la maji. Mlango wa nyuma wa kushoto ulikuwa umebonyea hadi katikati ya kiti. Pale ndipo alipokuwa ameketi Bibi Dinah, mama mzazi wa mwenye gari, Alhamisi ya juma lililopita, mvua ya Novemba ikimwagika. Walikuwa wakitoka Kajiado. Kabla ya kufika Isinya punda aliingia barabarani. Dereva alikanyaga breki, magurudumu yakafunga, gari likateleza na kuzunguka, likapiga ukingo wa daraja kwa ubavu. Bibi Dinah alikufa palepale.

Dereva huyo, Dalmas Obonyo, alikuwa seli Kajiado tangu jana. Jumatatu asubuhi angesimama mbele ya hakimu kwa kosa la kusababisha kifo kwa kuendesha gari kwa hatari, kosa linaloweza kumla mtu miaka kumi. Leo ilikuwa Jumamosi, saa nne.

Munyiva alikuwa ameisoma faili mara tatu, na kila mara ilimbana mahali pamoja. Mkaguzi wa magari alikuta breki nzima, pedali ngumu, mafuta ya breki yamejaa. Lakini picha iliyopigwa siku ileile ilionyesha taa mbili za manjano zikiwaka chini ya spidomita: ya ABS, inayozuia magurudumu yasifunge, na ile yenye kigari kinachoteleza, inayolinda gari lisizunguke. Mwenye gari aliandikisha kwamba dereva aliziona taa hizo kila siku akazipuuza. Dereva aliandikisha sentensi moja tu: sikuona taa yoyote.

Mtu anayekana taa iliyo mbele ya pua yake, hakimu angemwamini kwa lipi lingine?

Mlango wa jikoni ulifunguka. Tajeu, mwenye gari, alitoka na bakuli la supu mkononi. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mnene, shati jeupe, kitambaa cheusi cha msiba kimebanwa kwenye mkono.

"Takwenya," alimsalimu.

"Iko."

"Mmekuja kuniondolea hii takataka?"

"Tumekuja kuiuliza maswali, mzee."

"Gari inaulizwa maswali?" Tajeu alicheka, mafuta yakameta kidevuni.

"Hili hujibu. Watu ndio wagumu."

Kabla ya kuvaa sare, Munyiva alikuwa amesomea umeme wa magari katika chuo cha ufundi, msichana peke yake darasani, na wavulana walikuwa wakimficha vifaa ili wamwone akilia. Hawakumwona. Alianza na mambo mepesi, kwa sababu makosa mengi hujificha kwenye mambo mepesi. Alipima betri kwa mita: ilikuwa na nguvu. Alitazama kikopo cha mafuta ya breki: kimejaa, hakikuvuja. Alichomoa fyuzi ya ABS, akaiinua juani: waya wake mwembamba ulikuwa mzima. Akairudisha.

"Kivuva, geuza ufunguo. Usiwashe injini."

Dashibodi nzima iliwaka kama kanisa la Krismasi. Baada ya sekunde tatu taa zilianza kuzima moja moja. Mbili zilibaki, za manjano, zimekaa kando kwa kando.

"Unaona?" Tajeu alielekeza kwa mfupa alioutoa kwenye supu. "Zinawaka kama jua. Na yule kijana anasema hakuona. Amemuua mama yangu halafu anadanganya."

"Gari unalitunza, mzee?"

"Kuliko ng'ombe. Mwezi wa saba nilibadilisha beringi ya nyuma, hii ya kulia. Mpya kabisa, si ya kuokota."

"Dalmas ulimwandika lini?"

"Septemba. Tarehe moja." Alifyonza mfupa. Kivuva alikuwa akiandika.

Munyiva alipiga magoti kwenye nyasi, akaingiza kichwa chini ya usukani penye plagi ya kupimia yenye vitundu kumi na sita. Hapo zulia lilikuwa limelowa zaidi, na kitu cheupe kilichoganda kilimgusa kiwiko. Aliziba pumzi. Alinyoosha klipu ya karatasi, akaiunganisha kitundu cha nne na cha kumi na tatu, akatoka haraka kuvuta hewa.

"Geuza tena. Hesabu taa ya ABS ikipepesa."

"Moja, mbili, tatu," alisema Kivuva. "Imenyamaza. Moja, mbili, tatu. Imenyamaza sana. Inarudia tena. Tatu, na tatu."

"Thelathini na tatu. Kwa gari la namna hii, ni sensa ya gurudumu la nyuma, kulia."

"Ni nini hiyo?" aliuliza Tajeu.

"Ni sikio la gurudumu, mzee. Linaiambia breki gurudumu linazunguka kwa kasi gani. Likiziba, ABS hulala, na ile taa ya pili hulala nayo."

"Basi ajali imeliharibu. Si gari imegongwa?"

"Limegongwa kushoto."

Kivuva aliinua gari kwa jeki, akang'oa gurudumu la kulia. Munyiva alitafuta kwa tochi nyuma ya diski, akauona waya wa sensa. Ulikuwa umekatwa. Si kung'oka, si kusagika: umekatwa kwa koleo, mkato mmoja ulionyooka, na ncha zake zimekunjwa juu na kufungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Aliigusa shaba. Ilikuwa imeota kutu ya kijani, na juu ya kutu palikuwa na vumbi jekundu la kiangazi, na juu ya vumbi matope makavu ya mvua. Aliuelewa mpangilio ule kama mtu asomaye kalenda. Fundi alitaka kutoa beringi, waya ukamsumbua. Angeufungua kwa dakika kumi. Akaukata kwa sekunde moja.

"Huu umekatwa kabla mvua hazijaanza," alisema akiinuka. "Umekatwa siku ya beringi. Kwa hiyo taa zako zimekuwa zikiwaka tangu Julai."

Uso wa Tajeu ulichanua. "Si ndio nasema! Zilikuwa zinawaka muda huo wote! Andika hiyo, mzee Kivuva, andika vizuri."

"Anaandika. Julai na Agosti nani alikuwa anaendesha?"

Mfupa ulisimama njiani kuelekea mdomoni.

"Mzee?"

"Ni mimi. Lakini mimi sijui mambo ya taa."

"Sikuulizi kujua. Uliziona?"

"Niliziona, basi! Zilikuwa zinaniudhi. Lakini gari ilikuwa inakimbia vizuri. Gari ikikimbia, taa ni ya nini?"

"Wewe umeziona miezi miwili. Dalmas amekalia kiti hichohicho wiki kumi hakuona hata moja."

"Labda ni kipofu! Labda alikuwa na pombe! Mimi niulizwe macho ya mtu mwingine?"

Munyiva alirudi kwenye mlango wa dereva. Watu wawili, kiti kimoja, taa zilezile. Kama kati yao kuna mwongo, jibu lingetafutwa kwenye kiti chenyewe. Alikunja leso mara mbili, akaingia, akafunga mlango ili mwanga uingie kwa upande mmoja tu. Nzi walimtua shingoni. Aliiacha dashibodi ikiwa imezima, akainamisha kichwa, akatazama kioo cha plastiki cha spidomita kwa mshazari.

Kilikuwa safi na angavu kote isipokuwa chini. Pale, mbele ya zile taa mbili, palikuwa na ukungu, kama plastiki iliyosuguliwa kwa petroli. Kuzunguka ukungu ule palikuwa na michirizi ya gundi ya manjano, imenyooka pande zote nne, upana wa vidole viwili. Aliupitisha ukucha kwenye ufa ulio kati ya dashibodi na nguzo ya usukani. Kitu kidogo kiliruka kikamwangukia pajani. Shanga moja, ya buluu iliyokolea.

Alitoka, akasimama mbali na masikio ya Tajeu, akapiga simu kituoni Kajiado.

"Wamalwa, nitolee Dalmas seli, umpe simu."

"Sasa hivi, madam. Bibi yake pia yuko hapa nje, huyu Valerie. Amekuja asubuhi na uji, amekataa kwenda."

Kulikuwa na mlio wa kufuli, kisha sauti ya mtu aliyezoea kujibu haraka. "Afande."

"Dalmas, chini ya spidomita palikuwa na nini?"

"Chini ya spidomita? Urembo tu, afande. Shanga za Kimaasai, zimeshonwa kwa ngozi, zikabandikwa hapo."

"Ulizibandika wewe?"

"Mimi? Apana. Nilizikuta siku ya kwanza. Nilisema kumbe hawa watu wanapenda gari yao hivi."

"Kwa nini hukusema haya kwenye maelezo yako?"

"Niliulizwa taa, afande. Hakuna mtu aliniuliza shanga."

Munyiva alifumba macho, akayafumbua. "Baada ya ajali, nani aliingia ndani ya gari?"

"Hakuna. Ni mzee peke yake. Alifika kabla ya polisi, aliletwa na pikapu ya jirani. Mama alikuwa amelazwa kwa nyasi, watu wamemfunika na shuka. Mzee hata hakufika hapo kwanza. Aliingia kwa gari, akainama juu ya dashibodi hivi, mabega inatetemeka. Watu wote walinyamaza. Afande, damu ilikuwa inanitoka kwa nyusi lakini nililia. Nilisema huyu mtu amevunjika kabisa."

"Alikaa humo muda gani?"

"Kitambo. Ata dakika kumi."

Alikata simu. Mabega hutetemeka mtu anapolia. Hutetemeka pia anapobandua kitu kilichogandishwa kwa gundi. Munyiva alilitazama bakuli mikononi mwa yule mwanamume, na zile kucha zilizojaa mafuta, akahisi anataka kunawa hata kabla ya kuguswa.

Kama aliyesikia wazo hilo, mke wa Tajeu alitokea na jagi la maji ya moto na sabuni, kuwanawisha wageni. Kakenya alikuwa mwembamba, mrefu, kichwa kimenyolewa kwa ajili ya msiba. Alimwagia Munyiva maji polepole bila kumtazama usoni. Munyiva alijifuta, akafungua kiganja.

"Mama, unaijua hii?"

Kakenya aliitazama shanga. "Hiyo ni ya Yeyo," alisema. "Mama mkwe. Hii buluu haiuzwi siku hizi. Alikuwa nazo tangu akiwa msichana, akanipa zote alipoacha kuona vizuri."

"Imefikaje kwa gari?"

"Niliishona mimi. Ule mkanda wa kwa gari. Mwezi wa nane." Uso wake ulipata uhai kidogo. "Mume wangu alitaka urembo pale mbele. Alisema kuna taa zinamuumiza macho, niweke ngozi nzito chini, nishone juu yake. Nilishona siku nne."

Tajeu alimkemea kwa Kimaasai, neno moja, kali. Kivuva alisogea hatua moja, akasimama kati yao bila kuonekana kama amekusudia.

"Ulijuaje kipimo?" aliuliza Munyiva.

"Alinikatia kadibodi."

"Iko wapi?"

"Niko nayo. Kadibodi situpi, huwa nashonea kitu kingine."

Alirudi na bati la biskuti, akatoa kipande cha boksi la mafuta ya kupikia. Munyiva alikiingiza ndani ya gari, akakiweka juu ya michirizi ya gundi. Kilikaa kama mfuniko kwenye sufuria yake: ukingo kwa ukingo, kona kwa kona. Na kwenye kadibodi, kwa kalamu ya buluu, mkono wa mtu ulikuwa umechora misalaba miwili.

"Kivuva, geuza ufunguo. Njoo utazame na wewe, mama."

Taa mbili ziliwaka. Munyiva alikiweka kipande mbele ya taa hizo. Misalaba ilizikalia, mmoja mmoja. Akakiondoa. Taa. Akakirudisha. Hakuna taa.

Kakenya alitazama mara mbili. Mara ya tatu hakuhitaji. "Hizo taa," aliuliza taratibu, "zilikuwa zinasema nini?"

"Zilikuwa zinasema ukikanyaga breki kwa nguvu barabara ikiwa na maji, gari litazunguka. Dereva angeziona, angeendesha polepole. Au angekataa kumbeba mama."

"Na mkanda wangu? Ulisema ulianguka barabarani." Sasa alikuwa akimwambia mumewe. "Nilikuuliza mara mbili. Uko wapi?"

Tajeu aliitazama supu.

"Sema, mzee," alisema Kivuva. "Unaulizwa na nyumba yako."

"Chooni," alisema Tajeu. "Niliutupa chooni. Ulitaka niuweke wapi, kwa albamu?"

Kakenya aliliweka jagi chini kwa uangalifu, kama kitu kinachoweza kupasuka.

"Mama yako alikuwa amelala kwenye nyasi," alisema Munyiva. "Watu hamsini walikuona. Ulimpita ukaenda kubandua shanga."

"Alikuwa amekufa tayari. Ningemfanyia nini?"

Hata Kivuva, ambaye hakuwahi kuacha kuandika katikati ya sentensi ya mtu, aliacha.

"Sikiza, madam," Tajeu aliendelea, ameona kimya akakidhania kuwa nafasi. "Tuongee kama watu wazima. Mimi nilijua nimekosa kitu kidogo. Urembo tu. Lakini nikifungwa, ng'ombe wataangaliwa na nani? Yule ni dereva, kazi yake ni barabara. Ajali iko kwa kazi yake. Na tena huyu mwanamke ni wangu. Sheria haikubali bibi amshtaki bwana yake."

"Umesoma nusu, mzee. Mshtakiwa aliye kwenye faili yangu ni Dalmas Obonyo. Mkeo si mke wa Dalmas. Anaweza kumtetea atakavyo, na hakuna anayemlazimisha." Akamgeukia Kakenya. "Ni kweli, mama, sikulazimishi. Ikiwa ni kadibodi peke yake, mumeo atasema dereva ndiye aliyeichora. Neno lako likikosekana, Jumatatu yule kijana anaingia kortini na picha ya taa mbili, na hakuna atakayemwamini. Likiwepo, hana kesi."

"Ukiandika," Tajeu alimwambia mkewe, sasa kwa Kiswahili ili wote wasikie, "hulali kwa hii nyumba. Niliijenga mimi. Kwa mawe."

Kakenya alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayekagua ng'ombe aliyeletewa, akakuta kasoro.

"Yeyo alijenga nyumba saba kwa mikono yake," alisema. "Akakata fito, akakanda mavi, akaezeka. Wewe ulizaliwa kwa ya tatu. Kwetu nyumba hujengwa na mwanamke, Tajeu. Nitajenga."

Akamgeukia Munyiva. "Leta karatasi."

Waliketi kwenye benchi kando ya tangi, mahali upepo ulipoisukuma harufu kuelekea upande mwingine. Kakenya alisema, Munyiva akaandika: siku, mwezi, rangi ya ngozi, urefu wa mkanda, maneno aliyoambiwa na aliyeyasema. Mara moja alisimamisha maandishi ili neno lirekebishwe, kwa sababu Munyiva alikuwa ameandika "aliniomba", na yeye alisema hakuombwa, alisifiwa ili ashone, na hayo ni mambo mawili. Kisha alisomewa yote tangu mwanzo. Alitia saini pole pole, herufi moja baada ya nyingine, ulimi katikati ya meno.

Kivuva alikuwa amemfunga Tajeu pingu, amemketisha kwenye Land Rover. Bakuli lilibaki juu ya boneti ya gari jeupe, mafuta yameganda ukingoni, nzi wamehamia huko.

Munyiva alipiga simu.

"Wamalwa. Dalmas anatoka kwa dhamana ya polisi, saa hii. Hati ya mashtaka iweke kando, inabadilika jina."

"Jina gani niandike, madam?"

"Nakuja nalo kwa Land Rover. Na usimwache huyo kijana atoke pekupeku kama mwizi mbele ya mkewe. Mpe mkanda wake, mpe viatu vyake, umpe na muda wa kufunga kamba."